Friji inanisisimua nikiigusa: nibadilishe waya nyumba nzima au vyumba viwili vinatosha?

Karanga_Mbichi (mleta uzi)
Habari za jioni wadau. Niko Urambo, Tabora, si mjini, ni huku ndani ukishavuka reli. Nyumba ni ya familia, ya zamani sana, tofali za kuchoma na kuta nene. Marehemu mzee aliinunua ikiwa na waya za enzi za jenereta humo humo ukutani. Umeme wa vijijini ulipofika tukalipia ile 27,000, tukafungiwa LUKU, maisha yakaendelea.

Tatizo langu ni dogo tu. Nikigusa friji nikiwa peku inanisisimua, kama mdudu anatembea mkononi. Nikivaa ndala hakuna kitu. Kuna fundi amesema 180,000 na vifaa vyake anabadilisha waya za sebuleni na jikoni, vyumba vingine tuviache kwanza. Je, hivyo viwili vinatosha? Na waya wa soketi nichukue unene wa milimita za mraba 1.5 au 2.5? Jumamosi anaanza. Matusi hapana.

Mtani_wa_Pwani
Friji inakusalimia mkuu, itikia. Mimi Mzaramo nilijua watani zangu Wanyamwezi mnabeba mizigo tu mpaka Bagamoyo, kumbe hata umeme mnaubeba.

Mama_Asali
Pole baba. Kwetu Sikonge radi ilipita kwenye antena ikaondoka na televisheni na king'amuzi. Tangu siku hiyo baba watoto akisikia ngurumo anachomoa kila kitu, hadi chaja ya simu, tunakaa gizani kama kuku. Juzi kachomoa friji, maziwa lita sita yameganda. Nimempikia uji wa maziwa lala siku tatu mfululizo, akome.

Jua_Halina_Bili
Achana na waya. Paneli mbili, betri moja, taa nne. Mimi mwaka wa tano huu sijui LUKU inauzwaje.

Fundi_Testa
Soketi 2.5, taa 1.5. Hilo limeisha. Sasa nijibu mimi. Pale kwenye meni swichi kuna kifaa chenye kitufe kilichoandikwa T. Ukikibonyeza, umeme unakata? Na eathi rodi umeiona kwa macho yako?

Karanga_Mbichi
Kitufe kipo mkuu. Rodi ipo nyuma ya nyumba, waya wa kijani unaonekana ukiingia ardhini.

Fundi_Testa
Sijauliza kama kipo. Ukibonyeza, umeme unakata?

Karanga_Mbichi
Kwa sasa haukati. Kilikuwa kinasumbua. Tukiwasha pampu kinakata, mvua ikinyesha usiku kinakata, bi mkubwa analala giza. Fundi akakiruka, akapitisha waya pembeni. Tangu hapo umeme hauyumbi, kwa kweli alifanya kazi nzuri.

Jua_Halina_Bili
Kwenye sola hayo hayapo.

Fundi_Testa
Pampu ya wapi? Na friji inakusisimua saa zote, au kuna saa zake?

Karanga_Mbichi
Pampu ya kisimani, tuliizamisha mwaka jana. Maji yanapanda tankini, yanashuka kwa bomba zile za chuma za zamani hadi bafuni. Kuhusu saa... sasa ulivyouliza, ni asubuhi. Ndiyo saa tunajaza tanki.

Binti_Kaliua
Kaka samahani. Ukiacha wewe na friji yako, nani mwingine ameguswa humo ndani?

Karanga_Mbichi
Sikutaka kulileta hapa maana litakuzwa. Jumanne bi mkubwa alishika koki ya bafuni, mkono ukaganda kidogo, ukaachia, akaanguka. Hakuumia, ni kiwiko tu kimechubuka. Yeye mwenyewe anasema ni presha. Na presha kweli anayo, dawa anameza.

Binti_Kaliua
Presha inakaa mwilini. Haikai kwenye koki.

Fundi_Testa
Acha kusoma, nenda kazime meni swichi, kisha rudi.

Umerudi? Kile kifaa mlichokiruka kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua kiasi cha miliampea 30, maana yake kuna unaopotelea njiani, kwenye maji, ukutani au kwenye mtu, kinakata papo hapo. Kila kilipokata, kilikuwa kinawaambia kuna mahali panavuja. Mlichofanya ni kumziba mdomo mlinzi kwa sababu anapiga kelele usiku.

Usiseme breka zipo. Rodi kwenye mchanga wenu huo, kiangazi umekauka, ukinzani wake kusoma omu 100 si ajabu. Volti 230 gawanya kwa 100 unapata ampea 2.3. Pasi ya nguo inakula zaidi ya 4! Breka ya ampea 32 itaona kama umepiga pasi nusu, itanyamaza, na bomba zima lina moto. Friji nayo inapata salamu hizo kupitia waya wa kijani, maana umeunganisha vyote.

Namshuku kwanza yule wa kisimani, hasa pale kebo ilipoungwa chini ya maji. Wa pili ni hizo waya za jenereta. Kama ni zile za mpira zilizovishwa kitambaa, zikizeeka ganda linapukutika kama biskuti ukizikunja, na ukuta ukilowa ndiyo kabisa. Apime mtu mwenye mega, kile kipimo cha kuona kama ganda la waya linavujisha umeme. Testa ya bisibisi haioni hayo. Huyo fundi wako ana leseni ya ufundi umeme ya EWURA?

Karanga_Mbichi
Nimezima.

Leseni anaifuatilia. Ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Amefunga nyumba nyingi tu hapa kijijini na hakuna iliyoungua. 100,000 nimeshampa, ameshanunua waya. Sasa nimwambie nini? Nyumbani nitalala wapi?

Kikongwe_Mstaafu
Vijana wa leo mnaogopa wake kuliko umeme. Enzi zetu shemeji ukimpa kazi akiharibu, unamwambia hadharani na pilau mnakula pamoja.

Mzee_wa_Reli
Naombeni nitoke nje ya mada kidogo. Tofali za kuchoma, kuta nene, Urambo: isije ikawa masalia ya ule mradi wa karanga wa Waingereza. Walianza 1947, wakaweka Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakadhani trekta zitaimaliza miti ya miombo. 1951 wakafunga virago. Baadaye ndiyo tumbaku ikatamalaki. Kama kuna soketi za matundu matatu ya duara humo ndani, usizitupe, nitafute.

Mpekuzi_Huru
Wakuu punguzeni huruma. Nimepitia nyuzi zake za nyuma. Mwezi wa tatu, kule kwenye uzi wa mirathi, jamaa huyu huyu aliandika mama yake kazikwa 2019. Leo mama kashika koki. Marehemu anaoga?

Mtani_wa_Pwani
Chai hiyo! Tena ya rangi. Ndiyo maana inasisimua.

Mama_Asali
Jamani na mimi nilishamuombea kwenye jumuiya.

Jua_Halina_Bili
Weka picha au ufungwe uzi.

Karanga_Mbichi
Aliyezikwa 2019 ndiye aliyenizaa. Huyu ni mdogo wake, tumbo moja, ameniosha na kunilisha tangu niko darasa la pili. Mlitaka nimwite nani? Picha hizo tatu, ya mwisho ni kiwiko chake. Mpekuzi ukimaliza kuzikagua unitumie na cheti cha kifo.

Mpekuzi_Huru
Pole mkuu, hapo nimeteleza. Ila uzi ule ule ulisema nyumba inagombewa na ndugu wanne. Sebule na jiko ndiyo fungu lako?

Karanga_Mbichi
Ndiyo, upande huo ndio wangu. Vyumba vya nyuma na bafu ni vya wakubwa zangu, mmoja yuko Mwanza, mwingine hapokei simu. Niweke waya mpya kwenye vyumba vyao kwa hela yangu, halafu kesho waviuze?

Binti_Kaliua
Kwa hiyo umeme ukifika mlangoni utaomba kuonyeshwa karatasi ya mirathi kwanza? Mama mdogo anaoga kwenye fungu la nani?

Fundi_Testa
Ugomvi wa ndugu siuwezi. Kwenye picha ya pili waya za pale juu ya dari ni zile zile nilizozisema. Kama hela haitoshi kubadilisha nyumba yote, vyumba vya nyuma visipewe umeme kabisa, vikatwe kwenye kibao, taa ya betri itawatosha. Kifaa kirudishwe. Pampu isiguswe mpaka kebo ipimwe. Na zile nyuzi za shaba alizofunga shemeji badala ya fyuzi (picha ya kwanza, kushoto) zitoke leo.

Karanga_Mbichi (siku mbili baadaye)
Nimemleta fundi wa mjini mwenye leseni na mega yake. Tumevuta pampu. Kiungo kilikuwa kimefungwa tepu nyeusi tu, imeshaachia, ndani shaba imeota kutu ya kijani. Picha hiyo.

Shemeji yuko kwangu tangu jana, haongei na mimi, anaongea na watoto. Waya alizonunua ni 1.5 zote, fundi kasema zitaenda kwenye taa. Kakangu wa Mwanza nimemtumia picha ya kiwiko. Amesoma, hajajibu.

Friji haina umeme tangu siku ile. Bi mkubwa alikuwa na migebuka iliyokuja na treni ya Kigoma, ameitoa yote anaibanika, na anauliza nani kwenye simu aliyesema hana presha.

Mtani_wa_Pwani
Migebuka mingapi?