Klabu ya baiolojia Kigoma: chupa zinaota ukungu, na wazazi wanauliza mtoto ataishia wapi

Mwl_Ujiji
Wakuu, habari za jioni. Klabu ya kidato cha tatu inaotesha migomba kutoka vipande vidogo vya mmea, kwenye chupa za jamu zenye chakula cha mimea. Otoklevu (mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa presha) hatuna; tunachemsha dakika 40 kwenye sufuria ya kawaida. Siku ya tatu ukungu tele. Pia wazazi wanauliza: asipoenda kidato cha tano, hii inampeleka wapi?

FundiMaabara
Mwalimu, shida si dakika, ni joto. Kigoma mjini maji yanachemka kwenye nyuzi 97 hivi, na spora za bakteria zinavumilia hapo. Tafuteni sufuria ya presha: presha ya pauni 15 kwa inchi ya mraba, dakika 20, mkihesabu tangu kizito cha juu ya mfuniko kianze kulia, si tangu moto uwashwe. Tabora, kwenye mita 1,200, ongezeni dakika tano. Presha ishuke yenyewe. Mkiiharakisha, chakula kinafurika na kulowesha vifuniko, na ukungu hupenya papo hapo.

Kisha acheni chupa tatu zenye chakula bila mche kwa siku tano. Zikiota, kosa ni la upishi. Zikibaki safi, kosa ni la mkono au la mche. Ute mweupe kwenye kidonda cha kipande ni bakteria waliotoka ndani ya mgomba wenyewe.

Mdau_Tabora
Kipande kilowekwe kwenye jiki, sehemu moja kwa mbili za maji, na tone la sabuni, dakika 15. Kisuuzwe mara tatu. Jiki iliyopigwa jua dukani haina nguvu. Spiriti mliyofutia meza ikauke kabisa ndipo muwashe moto, tafadhali!

Kwa wazazi: D nne za kidato cha nne, dini haihesabiwi, Baiolojia na Kemia zikiwemo, zinafungua stashahada za maabara, NTA (ngazi za taifa za tuzo za ufundi) 4 hadi 6, miaka mitatu. Kozi nyingine hudai Fizikia, kwa hiyo someni mwongozo wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, kabla ya kuomba. Akimaliza na GPA (wastani wa alama) 3.0 anaweza kuomba shahada, mfano Bayoteknolojia na Sayansi za Maabara pale SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo).

Ila chuoni wengi hukwama kwenye hesabu za myeyusho. Wazoeshe sasa: MS (unga wa chumvi na vitamini wa kutengenezea chakula cha mche) ni gramu 4.4 kwa lita, chupa 20 za mililita 30, gramu ngapi?

Mwl_Ujiji
2.64. Mizani yetu inasoma gramu nzima tu.

FundiMaabara
Basi nunueni pakiti ya MS iliyopimwa tayari kwa lita moja, muimalize yote siku hiyo hiyo: chupa 33. Ikibaki wazi huvuta unyevu na kuganda mabonge.