Kununua pikipiki Mombasa na kuileta Pemba baada ya miaka mingi bila kuendesha

Mkaazi wa Wete:
Assalaam alaykum. Sijaendesha pikipiki tangu mwaka 2013, nilipouza ile niliyokuwa nikiendea kusomesha Konde. Sasa nimehamishiwa skuli nyengine ambayo daladala haziifikii mapema asubuhi. Binamu yangu aliyeko Mombasa amenionea Honda CG125 iliyotumika, kwa bei nafuu kuliko za huku, na muuzaji anacho kitabu cha usajili cha Kenya. Nia yangu ni kuivusha Likoni, kupita mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro hadi Tanga, kisha kuipakia melini. Je, kwa kuwa Kenya na Tanzania zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, nitasamehewa ushuru? Na mtu wa miaka 47 arudi vipi barabarani bila kujiumiza? Mke wangu ana khofu, nami sitaki kuipuuza.

Wakala wa forodha, Tanga:
Waalaykumu salaam, mwalimu. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Umoja wa Forodha ulioanza kutekelezwa mwaka 2005 unasamehe ushuru wa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama, wala si kila kitu kilichonunuliwa ndani yake. Pikipiki iliyotengenezwa nje ya Afrika Mashariki haigeuki kuwa ya Kenya kwa kukaa Mombasa miaka mingi. Hata kile cheti chepesi cha uasili, kinachotolewa kwa bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000, hakitakufaa ikiwa asili yenyewe haipo. Kwa hiyo pata kwanza makisio ya kodi, uyajumlishe na nauli ya meli, ndipo useme kama bei ni nafuu. Mwambie pia binamu ahakikishe kuwa muuzaji amekamilisha uhamisho wa umiliki huko Kenya kabla pikipiki haijaondoka, kwa sababu akishapokea pesa huenda asipatikane tena. Na atakayekushauri uipakie jahazini usiku, usimsikilize: pikipiki isiyo na karatasi za forodha itabaki uani kwako bila ya namba ya Zanzibar.

Fundi, Chake Chake:
Naongeza moja. Binamu achukue kitambaa chenye mafuta ya taa, afute shingo ya fremu chini ya usukani, kisha asome namba ya chesesi tarakimu moja moja akilinganisha na kitabu. Akiona tarakimu zimepanda na kushuka, au chuma kimeparuzwa, aondoke. Tairi nazo zina tarakimu nne ubavuni; 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016, na mpira wa umri huo huteleza kwenye maji hata kama kashata zake bado ni nzima. Amulike tochi ndani ya tangi, kwa maana chumvi ya pwani huanza kula pasipoonekana.

Muuguzi, Mkoani:
Kaka yangu, mimi nilirudi baada ya miaka tisa. Wiki mbili za mwanzo nilizunguka kiwanja cha mpira kila alasiri, nikijifunza upya kusimama, kwani breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi, lakini inataka kubanwa taratibu huku usukani umenyooka. Nilianguka mara moja tu, kwenye kona yenye mchanga, kwa kuikamata ghafla hali gurudumu limepinda. Goti lilichubuka, kofia ngumu ikaniokoa kichwa. Milima na kona za Pemba hazisamehi haraka, na msimu wa karafuu utakuta majamvi yameanikwa kandokando ya barabara na watoto wamekaa papo hapo. Mchukue mke wako kiwanjani akutazame. Wangu mume alitulia alipoona mwenyewe, si kwa maneno yangu. Leseni nayo uihuishe kabla ya yote.

Mkaazi wa Wete:
Ahsanteni sana. Nimempigia binamu asitoe hata shilingi mpaka makisio ya kodi yapatikane. Jirani amekubali kuniazima pikipiki yake, na kesho baada ya sala ya alasiri tutakwenda kiwanjani, mimi na mama watoto.