Gumbo ya kamba na kaa, unga umeniungulia tena

mtu_wa_shangani: Wakuu nipo Mtwara, nahangaika na gumbo, ule mchuzi mzito wa Louisiana kule Marekani. Nakaanga unga wa ngano kwenye mafuta mpaka uwe rangi ya chokoleti, jana nimegeuka kupokea simu tu narudi vidoti vyeusi, harufu nyumba nzima. Unaokoleka?

mama_mikindani: Mwaga mwanangu, hata utie nazi uchungu hautoki. Anza upya, kikombe cha unga kikombe cha mafuta, moto mdogo, mwiko usiuachie kama nusu saa hivi, ikifika rangi tupia kitunguu, hoho na seleri hapohapo vipoze unga usiendelee kuungua. Na simu zima!

mvuvi_lindi: Vichwa na maganda ya kamba usitupe, chemsha ndo supu yenyewe hiyo. Kaa watangulie, kamba mwisho kabisa dakika tatu nne, wakijikunja tu epua, la sivyo unatafuna kandambili

hoho_kali: Bamia je?? jina gumbo lenyewe inasemekana ni neno la Kibantu la bamia, afu sisi ndo tunazisahau 😂

mtu_wa_shangani: Daah shikamoo mama, wife aliniambia hivyohivyo kuhusu simu nikambishia. Kesho alfajiri feri, soko la samaki, nikachukue kamba wengine