Ndege kutunguliwa na wenzao: wa kulaumiwa ni rubani au mfumo?

Mleta mada: Wakuu, tarehe 6 Septemba 1939 ndege za kivita aina ya Spitfire za kikosi namba 74 zilitungua ndege mbili za kivita aina ya Hurricane za kikosi namba 56, zote za Uingereza, na rubani mmoja wa Hurricane, Montague Hulton-Harrop, akafa. Walioshambulia, Byrne na Freeborn, walifikishwa mahakama ya kijeshi wakaachiwa huru. Kiongozi wao, Malan, alidai aliwaamuru waache. Kwangu hukumu ile haikuwa ya haki: alama za jeshi lao zilikuwa ubavuni mwa zile Hurricane.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, anza na rada ya kituo cha Canewdon, Uingereza, iliyotoa taarifa ya maadui siku ile. Antena zake zilipokea mwangwi wa mbele na wa nyuma, na kifaa cha kutenganisha pande hizo mbili kikashindwa. Ndege za nchi kavu, magharibi, zikasomeka ziko baharini, mashariki. Kila kikosi kilichorushwa kwenda kuchunguza kikaongeza idadi ya "maadui". Juu ya hayo, Hurricane mbili za akiba ziliruka nyuma ya kikosi chao bila vikosi vingine kuarifiwa, na kifaa cha redio cha kujitambulisha hazikuwa nacho. Rubani ameshaambiwa adui yuko pale; anaona ndege mbili zinawafuata Waingereza. Ulitaka afikirie nini?

Mleta mada: Hapo kwenye rada nakubali. Ila rangi husaidia. Juni 1944 ndege za Washirika (Uingereza, Marekani na wenzao) zilipakwa mistari mitano, mitatu myeupe na miwili myeusi, kila mmoja kama sentimita 46 kwa ndege za injini moja, kwa sababu ilihofiwa redio za utambulisho zingezidiwa na wingi wa ndege.

Mchangiaji wa pili: Mistari inahitaji muda wa kuiona. Tarehe 25 Desemba 1944, karibu na Liège, rubani Mmarekani George Preddy alikuwa na ndege ya kivita ya P-51 chini kabisa akiifukuza ndege ya Mjerumani. Wapiga mizinga Wamarekani walimlenga yule wa mbele, risasi zikampata Preddy, akafa. Kwa mwendo ule mpigaji ana sekunde chache tu, na mtutu unaomfuata adui humfagia na anayemfukuza. Kinachookoa ni kugawa anga. Julai 1944, dhidi ya V-1, mabomu ya Wajerumani yaliyoruka yenyewe bila rubani, Waingereza walihamishia mizinga pwani. Ndege zikawinda mbele yake juu ya bahari na nyuma yake nchi kavu. Rubani aliyeingia katikati, kwenye ukanda wa mizinga, aliingia kwa hatari yake mwenyewe, na mpigaji hakulazimika kubahatisha.