Kifaa cha kuonea komba usiku: nichague kipi?

Swali (Muheza):
Ndugu zangu, habari za jioni. Napenda kutazama komba kandokando ya msitu wa Amani, lakini mwanga wa kurunzi huwafukuza kabla sijawaona vizuri. Ninunue kifaa gani?

Jibu (Bagamoyo):
Ndugu, anza na darubini ya macho mawili ya 7x50, yaani inayokuza mara 7 na yenye lenzi za mbele za milimita 50, kwa sababu ukigawa 50 kwa 7 unapata mwali wa mwanga wenye upana wa milimita 7 hivi, karibu sawa na mboni ya kijana iliyopanuka gizani. Wakati wa magharibi au penye mbalamwezi inatosha, wala haihitaji betri. Giza likiwa totoro, tafuta kifaa cha kidijitali cha kuonea usiku chenye taa ya infraredi, yaani mwanga ambao macho yetu karibu hayauoni kabisa. Taa ya nanomita 850 (kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga) hufika mbali zaidi, ila huonyesha wekundu hafifu. Ya 940 haionekani, lakini masafa yake ni mafupi.

Jibu (Tanga mjini):
Naongezea kwamba kamera ya joto humfichua mnyama kwa joto la mwili wake hata pasipo mwanga wowote, ingawa utaona umbo tu, na haipenyi kioo cha dirisha la gari. Kwangu mimi uzuri wa komba ni yale macho makubwa, kwa hiyo ningechukua cha kidijitali. Nakusihi uzungumze na wahifadhi kabla ya kuingia nacho usiku, maana majangili nao hutumia vifaa hivi.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Je, ukungu wa Amani hautakiharibu?

Jibu (Bagamoyo):
Chagua kilichozibwa maji yasiingie, na ukifika nyumbani kifute, ukiache wazi kikauke kabla ya kukirudisha mfukoni.