Dola 150 za chumba cha kusomea: tununue riwaya ao BD (vitabu vya katuni)?

Mama Kabati (Lubumbashi, Kenya)
Jamani, salamu. Chumba chetu cha kusomea hapa mtaani Kenya, mjini Lubumbashi, kimepata dola 150 kutoka kwa watu waliokulia mtaa huu. Kabati lina vitabu 43, karibu nusu ni vya hesabu vilivyochanika. Watoto wanataka BD. Wazee wa kamati wanataka riwaya. Tena kuna mtu alituachia *Tintin au Congo*, BD ya zamani ya Mbelgiji Hergé, na mzee mmoja anasema tuichome. Museme.

Mwalimu Mstaafu
Riwaya, basi. Mtu wa Katanga asiyemjua mwandishi Mudimbe, aliyezaliwa hapo Likasi wakati ingali Jadotville, anasoma nini? BD ni chakula cha wavivu. Picha inakutafunia, wewe kazi yako kumeza.

Fundi wa Katuba
Mwalimu, kwa heshima yako, hilo neno "wavivu" limenichoma. Baba yangu alikuwa mtu wa mgodini, Kifaransa alikipata kwenye BD. Alikuwa anafunika maneno kwa kidole gumba, anaangalia picha, anakisia watu wanaambiana nini, kisha anaondoa kidole aone kama amepata. Buku lake ninalo mpaka leo. Kila ukurasa una madoa meusi ya gumba, mahali palepale penye maneno. Mvivu ni nani hapo?

Mwalimu Mstaafu
Sikumgusa baba yako. Nilisema BD.

Fundi wa Katuba
Ulisema wanaokula.

Mwalimu Mstaafu
Rudia kusoma. Nilisema ni chakula cha wavivu. Hata mtu wa bidii anaweza kula chakula cha wavivu.

Dada Bel-Air
Mwalimu ametokea dirishani 😂

Mimi riwaya nazipenda, ila tusidanganyane. *Tram 83* ya Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa hapa hapa, ilitoka 2014. Nilianza mara tatu, nikaacha mara tatu. Sentensi inakwenda kama treni ya Kamina: unalala, unaamka, bado iko njiani. Na wale wasichana wa baa, kila ukurasa wanauliza watu saa ngapi, saa ngapi, hata ungekuwa wewe ungevua saa uwape. Mara ya nne nikaisoma kwa sauti jikoni, nikingoja maji ya bukari, ugali wetu, yachemke. Hapo ndipo ikaniingia. Ile ni ya kusikia. Mudimbe namheshimu, ila sijawahi kumrudia. Nikimaliza ukurasa wake naona kama nimetoka kwenye mtihani.

Kijana Kampemba
Tintin ichomwe. Si hata mahakama ya Ubelgiji ilishaipiga marufuku?

Mwana Bukavu
Wapi! Kinyume chake. Mkongomani mmoja aliyekuwa anaishi huko alishtaki mwaka 2007, na 2012 mahakama ya Brussels ikamkatalia. Kinauzwa mpaka leo. Kinshasa mafundi wanachonga Tintin wa mbao wanawauzia wageni.

Mimi nasema msikichome, ila msikiweke peke yake. Hergé hakuwahi kukanyaga Congo. Kwenye toleo la kwanza, la 1930 na 1931, Tintin anasimama darasani anawaambia watoto weusi kwamba leo atawaeleza juu ya nchi yao, Ubelgiji. Mwaka 1946 akachora upya kwa rangi, na somo likageuka kuwa mbili na mbili ni ngapi. Ubao uleule, watoto walewale wamekaa kimya, ila Ubelgiji imefutika. Sijui riwaya inayoweza kukuonyesha mtu akificha kitu namna hiyo, ukamuona mkono wake.

Kijana Kampemba
Kwa hiyo mtoto wa miaka minane atajua hayo yote? Ataona ile midomo mikubwa waliyochorewa tu.

Mwana Bukavu
Basi mununue za kwetu. Barly Baruti wa Kisangani amechora *Madame Livingstone*, vita ya kwanza ya dunia kwenye ziwa Tanganyika. Kuna mtu wa huku anavaa sketi ya Waskoti, ndiye anajua njia zote, na yule ofisa Mbelgiji anamfuata nyuma kama mtoto. Mpaka wanapiga bomu ile meli kubwa ya Wajerumani ikazama.

Fundi wa Katuba
*Graf von Götzen* hawakuizamisha Wabelgiji. Walijaribu na ndege zao za maji. Wajerumani wenyewe ndio waliizamisha mwaka 1916 pale Kigoma ili isichukuliwe. Waingereza wakaja kuitoa, ndiyo hiyo hiyo meli *Liemba*.

Mwana Bukavu
Sawa, mhandisi. BD ni nzuri ao si nzuri?

Fundi wa Katuba
Ni nzuri. Nilikuwa naweka sawa tu.

Mkaaji wa Himbi (Goma)
Nawasoma tangu asubuhi. Mudimbe Kifaransa, Mujila Kifaransa, BD zote Kifaransa. Hakuna hata mmoja aliyetaja Shaban Robert? *Kusadikika* ni ya 1951, nchi nzima inayoelea hewani, na mtu mmoja aliyeshtakiwa anasimama mbele ya wakubwa kujitetea kwa habari za wajumbe waliofungwa. Kuna Kezilahabi pia. Ila nawaelewa ndugu wa Lubumbashi. Kiswahili chenu kile hakiandikiki, ni lazima mukimbilie Kifaransa.

Fundi wa Katuba
Eeeh!

Kijana Kampemba
Minasoma ile neno yako mara mbili. Haiandikiki? Shiye tunaandikaka kila siku, kwa telefone, kwa barua ya deni, kwa mulango ya butiki. Na weye ndugu wa Goma, ukifika soko ya Virunga unaombaka nyanya na Kiswahili ya Zanzibar? Unasemaka "iko ngapi" sawa batu bote.

Mkaaji wa Himbi (Goma)
Nimesema vitabu, si barua za deni. Tena mimi ni mama wa watoto wanne, hilo "ndugu wa Goma" ulibadilishe.

Kijana Kampemba
Pardon mama. Lakini neno yangu inabakia.

Dada Bel-Air
Mama Himbi, kitabu kiko. 1965, *Vocabulaire* ya mji wa Elisabethville, kimeandikwa na André Yav kwa jina la maboyi wa zamani, wale waliopikia Wazungu na kuwafulia. Jina ni la kamusi, ndani hakuna kamusi. Ni historia ya mji huu ikitazamwa kutoka mlango wa jikoni, kwa Kiswahili kilekile unachosema hakiandikiki. Mtafiti Johannes Fabian alikuja kukichapisha 1990 pamoja na Kiingereza chake.

Mkaaji wa Himbi (Goma)
Hiyo ni historia. Nimeuliza riwaya.

Mwalimu Mstaafu
Ninayo fotokopi. Ukisoma kwa macho unapotea, hujui neno linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Ukisoma kwa sauti unamsikia muzee amekaa mbele yako.

Dada Bel-Air
Kama *Tram 83*.

Mwalimu Mstaafu
Usinichokoze, binti.

Mkaaji wa Himbi (Goma)
Mwalimu, fotokopi hiyo inaweza kufika Goma? Si kwamba nimekubali.

Fundi wa Katuba
Hata mimi naitaka. Wa mgodini wamo ao ni maboyi tu?

Mwalimu Mstaafu
Uje uone mwenyewe. Na ulete ile BD ya baba yako, nataka kuona hayo madoa.

Mama Kabati (Lubumbashi, Kenya)
Ngojeni. Sasa dola 150 ni za fotokopi?

Kijana Kampemba
Nani amesema hivyo? Lakini ukurasa mmoja ni franga ngapi huko kwenu?