Mvinyo wa kila siku usiozidi elfu moja, hapa Malindi: nyinyi mnakunywa gani?

MamaZawadi_Maweni:
Salaam wadau. Naomba ushauri, na tafadhali msinicheke. Mimi na mume wangu tumezoea gilasi moja moja jioni watoto wakishalala. Si kila siku, lakini karibu. Yeye hana habari na kingine ila ule mwekundu mtamu, Four Cousins au 4th Street. Mimi utamu ule unanishinda, gilasi ya pili naona nakunywa Vimto.

Nikiingia supamaketi rafu imejaa mpaka juu: Italia, Chile, Afrika Kusini, na sijui pa kuanzia. Bajeti yangu ni elfu moja kwa chupa, nikijikaza sana elfu moja na mia mbili. Chakula chetu ni hiki hiki cha pwani: samaki wa kupaka, mchuzi wa nazi, wali, siku nyingine mishkaki. Nyumba ni ya mabati, na joto la kaskazi mnalijua. Friji tunayo, ndogo. Mnaojua mambo haya, nichukue nini?

KijanaWaShela:
Mama, elfu moja ya nini na mnazi upo? Teremka hapo Ganda asubuhi, lita mbili na chenji unarudi nayo 😂

MamaZawadi_Maweni:
Mnazi wa asubuhi sina ugomvi nao. Ila mimi nakunywa saa tatu usiku, saa hizo ushachacha, na kesho yake nina darasa la kufundisha.

Ummu_Mkomani:
Dada, mimi situmii na dini yangu hairuhusu, kwa hivyo sitakushauri la chupa. Nasema tu kuna juisi ya ukwaju yenye tangawizi, ukiipoza vizuri inakwenda na samaki wa kupaka kuliko hayo yote.

MamaZawadi_Maweni:
Ahsante Ummu, na sijakasirika. Ukwaju tunao mezani Jumapili wakija wakwe.

Mhudumu_Watamu:
Mama Zawadi, hujambo. Mimi nahudumu mezani hotelini huku Watamu, mvinyo ndiyo riziki yangu, ngoja nikuandikie kirefu kidogo.

Kabla ya jina la chupa, tafuta namba moja kwenye lebo: asilimia ya kilevi. Ile mitamu ya mzee wako inacheza kwenye asilimia 8 hivi. Mikavu, yaani isiyo na utamu, mingi huanzia 12 kwenda juu. Hamira hula sukari ya zabibu na kuigeuza kilevi, kwa hiyo ikikatizwa mapema, sukari inabaki na kilevi kinakuwa kidogo. Ukiona 8, jua umeshika sukari. Ukiona 12.5 au 13, mara nyingi huo ni mkavu, hata kama lebo imeandikwa lugha usiyoijua.

Kwa samaki wa kupaka na mchuzi wa nazi, chukua mweupe wa Afrika Kusini wa zabibu ya Chenin Blanc. Hiyo ndiyo zabibu inayolimwa kwa wingi kuliko zote kule, ndiyo sababu unapata chupa nzuri kwa bei ya chini. Una uchachu wa kukata mafuta ya tui bila kulifunika. Siku ya kamba wa kuchoma na ndimu, Sauvignon Blanc. Pilipili ikiwa kali, epuka chupa yenye kilevi kingi, itauchoma mdomo zaidi. Hapo mweupe wenye utamu kidogo ndio unatuliza. Na mwekundu mzito na samaki usijaribu, mdomoni inabaki ladha ya chuma. Huo mwekeeni mishkaki. Jaribu Pinotage, ambayo ni zabibu ya Waafrika Kusini wenyewe, ilizalishwa Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Moshi wa makaa inauweza.

Sasa joto, maana hapa ndipo hela inapotea. Watu wamesikia mwekundu unanyweka na joto la chumba. Chumba cha nani? Chumba wanachokisema ni cha Ulaya, nyuzi 16 mpaka 18. Chako saa hizi kiko karibu 30, na mwekundu ukiwa hivyo unasikia kilevi kitupu puani. Uweke kwenye friji nusu saa kabla ya kula. Mweupe uingize mapema, tangu mchana. Umesahau? Ndoo, barafu, maji, konzi ya chumvi, dakika kama ishirini hivi chupa imepoa.

Na dukani tumia macho. Chupa iliyosimama dirishani inapigwa jua, iache hata iwe na punguzo. Papasa juu ya kizibo: kikiwa kimejisukuma nje kidogo, au pana unatonata chini ya karatasi ya shingo, huo ulishachemka ndani ya lori au ghalani. Mweupe uliogeuka rangi ya chai hivyo hivyo. Mimi kwa bei hizi napendelea kizibo cha kusokota, hakina mambo mengi.

Babu_Ngomeni:
Vijana mnazunguka mbuyu. Mimi nimefanya kazi na Waitaliano tangu enzi za San Marco, wakirusha roketi baharini hapa kwetu. Satelaiti ya Uhuru ya mwaka 1970 iliondokea hapa. Wale walikunywa mvinyo na chakula cha mchana kama sisi tunavyokunywa maji, na siku za joto waliuchanganya na maji baridi. Mji umejaa Waitaliano na maduka yao, halafu unamtuma mama wa watu akanunue Afrika Kusini! Mama, tafuta mwekundu wa Italia, Montepulciano d'Abruzzo au Nero d'Avola. Mvinyo wa nyumbani kabisa, na pilau unakwenda.

Mhudumu_Watamu:
Mzee, heshima yako, na Nero d'Avola naipenda. Lakini amesema elfu moja. Chupa ya kutoka Italia imelipa meli na ushuru, na ikiuzwa elfu moja, hesabu mwenyewe ni shilingi ngapi zilizokwenda kwenye zabibu.

Babu_Ngomeni:
Kwani ya Afrika Kusini inanyesha na mvua?

Mhudumu_Watamu:
😂 Hapana mzee, nayo inalipa. Lakini mashamba yao ni makubwa, na mizigo mingi yao inakuja kwa boksi, kwa hiyo hulipii kioo. Huyo wa Italia mnunulie sikukuu, kwa elfu mbili utapata wa maana.

Chande_Tanga:
Wakuu, mbona mmeruka majirani? Mvinyo wa Dodoma upo, zabibu kule zinavunwa mara mbili kwa mwaka. Mwekundu wake mkavu una ukali fulani hivi, si wa kila mtu, ila na nyama ya mbuzi ni hatari. Mkipata mtu anayevuka Horohoro, mwagizeni.

Nyevu_K:
Na Kenya yenyewe! Leleshwa inatoka mashamba ya upande wa Naivasha, mimi Sauvignon Blanc yao ndiyo ninayoweka nyumbani. Halafu popote unaponunua, kagua stempu ya KRA, wale wa ushuru, kwenye chupa, kuna programu ya Soma Label ya kuikagua kwa simu. Hapa mtaani kuna duka moja lilikuwa zuri sana, tukalisifu kwenye kila harusi, mwisho chupa zikaanza kuja na ladha ya rangi na sukari. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, si mlisikia?

MamaZawadi_Maweni:
Ahsanteni sana, nimenukuu yote. Mhudumu, umetaja boksi. Mimi boksi huliona la watu wa sherehe. Unaweza kulinywa nyumbani kidogo kidogo? Na mume wangu je, maana huyo Chenin Blanc najua ataukunjia uso.

Mhudumu_Watamu:
Kwa gilasi moja moja, boksi ndilo lako hasa. Ndani ni mfuko unaojikunja kadiri unavyomimina, hewa haiingii, kwa hiyo ukilifungua linakaa wiki nne mpaka sita, kwenye friji. Chupa iliyofunguliwa ni siku tatu nne, basi. Boksi la lita 5 ni chupa sita na ushei, piga hesabu dukani uone. Drostdy-Hof nyeupe ni ya kuaminika. Ila angalia tarehe ya kupakiwa, maana plastiki haihifadhi muda mrefu na si kitu cha kununua ukaweka mwaka. Kama friji haitoshi boksi zima, toa mfuko wenyewe ulaze kwenye droo ya mboga.

Chupa ambazo hujafungua zilaze chini ya kitanda, upande usiopigwa na jua. Juu ya friji kamwe, pale pana joto.

Bwana usimbadilishe kwa nguvu. Mwache na mwekundu wake mtamu, ila baridi kabisa, utamu unapungua mdomoni. Baada ya mwezi mpe mweupe unaoandikwa off-dry, yaani wenye utamu kidogo tu. Akikataa, basi, boksi ni lako peke yako.

MamaZawadi_Maweni:
Nimechukua boksi la lita 5 leo, Chenin Blanc, la mwezi wa kumi na moja. Mfuko umeingia kwenye droo ya mboga, sukuma wiki imehamia juu. Jioni ilikuwa changu wa kupaka. Mimi nimefurahi. Yeye ametia barafu tatu na kipande cha ndimu, akanywa yote, akasema "si mbaya kwa dawa".

Babu_Ngomeni:
Barafu si dhambi, nimewaona wenyewe wakitia. Hilo boksi umenunua duka gani na kwa bei gani? Mkwe wangu anakuja Ijumaa.